Kazi Ndogo za Mti katika Gitega na Muyinga

Historia ya nchi huandikwa kwa desturi kwa kuwataja wafalme, vita na mikataba. Yako mambo mengine ambayo wachache huyaandika, ilhali yako mbele ya macho ya watu asubuhi na jioni. Katika nyumba ya Mwislamu wa Gitega au Muyinga huonekana kinu na mchi wake, mwiko, kigoda, bakora ya mzee, marfaa ya kuwekea msahafu, na pengine bao la kete limeegemezwa ukutani. Msikitini iko fimbo ambayo khatibu huishika siku ya Ijumaa, na katika chumba cha chuo yako madufu yanayongoja mwezi wa Maulidi. Vitu hivi ni vidogo, na waliovichonga hawakuandika majina yao juu yake.

Tena yafaa kukumbuka ya kuwa wengi katika wachongaji wa vitu vya namna hii si mafundi wa mshahara. Ni mkulima aliyekwisha palilia, au mwenye duka aliyefunga mlango, au mwalimu aliyemaliza darasa baada ya Alasiri, akakaa barazani na kisu na kipande cha mti. Kazi hiyo ni ya kuipendeza nafsi. Walakini, akiitazama mtu kwa makini, ataona ya kuwa imebeba jibu la swali ambalo Waislamu wa nchi hii wameulizwa zaidi ya miaka mia: je, ninyi ni wageni hapa, au ni wenyeji?

NCHI YA NGOMA

Hapana nchi katika Afrika ya Mashariki iliyoupa mti uliochongwa heshima kubwa kama Burundi. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ni ngoma ipigwayo, na ni ufalme wenyewe. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda. Haikuwa ya kuchezwa ovyo. Ilitunzwa, ikahudumiwa, ikatolewa kwa sherehe ya Umuganuro, siku mfalme alipofungua msimu wa kupanda mtama.

Kilomita chache kutoka mji wa Gitega iko Gishora, mahali palipowekwa ngoma za mfalme Mwezi Gisabo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mapokeo husema ya kuwa mfalme alipaanzisha baada ya kumshinda mkubwa mmoja aliyeasi, jina lake Ntibirangwa. Ngoma mbili za Gishora zina majina kama watu: Ruciteme na Murimirwa. Walinzi na wapigaji wake ni ukoo wa Abatimbo, na kazi hiyo imepita kwa baba na mwana.

Mti ufaao kwa ngoma hizo Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti uvumishao ngoma. Katika Kiswahili wengi huujua kwa jina la mringaringa. Gogo hutobolewa lingali bichi, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe na kushikizwa kwa vigingi vya mti. Kutoboa likiwa bichi kuna sababu mbili. Kwanza, mti mbichi ni laini mbele ya tezo. Pili, gogo likaukapo hupungua zaidi kwa kuuzunguka moyo wake kuliko kwa kuuelekea, na kwa hiyo hupasuka kuanzia moyoni kwenda nje. Moyo ukiisha kuondolewa, mviringo uliobaki hupungua kwa taratibu wala haupasuki kwa urahisi. Elimu hii ya mbao wachongaji wa kale waliijua kwa mikono yao, bila ya kusoma kitabu.

Ufalme ulikwisha tarehe 28 Novemba 1966, walakini ngoma haikunyamaza. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Mwaka 2017 amri ya Rais iliweka sheria ya nani apige na wapi: vikundi viandikishwe serikalini, na wanawake wasiipige. Kwa hayo msomaji ataona ya kuwa ngoma kubwa imebaki mali ya dola hata baada ya mfalme kuondoka. Vitu vidogo vya mti, hivyo, ni vya watu wenyewe.

KUJA KWA WAISLAMU

Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kutia makazi pwani ya ziwa. Lakini nchi ya milimani ya Burundi ilikuwa imefungwa. Haipasi kuficha sababu. Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, ambaye watu walimwita Rumaliza, alitaka kuingia kwa nguvu, na biashara ya siku zile ilikuwa pamoja na biashara ya watu. Mwezi Gisabo alimzuia, na majeshi ya Ujiji hayakuweza kuitwaa nchi. Kumbukumbu hiyo ilikaa muda mrefu katika mioyo ya Warundi, nao wana haki.

Walioingia baadaye waliingia kwa njia nyingine. Wajerumani walijenga boma Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1903 Mwezi Gisabo akalazimika kupatana nao huko Kiganda. Mwaka 1912 makao ya utawala yalihamishwa kutoka Usumbura hadi Gitega. Pamoja na wakubwa wa serikali walipanda mlimani askari, makarani, wapagazi, wapishi na wachuuzi, na wengi wao lugha yao ilikuwa Kiswahili na dini yao Uislamu. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwatoa Wajerumani, lakini jamaa hawa hawakuondoka. Walikuwa wamekwisha kuoa, kuzaa na kuzika wafu wao.

Muyinga ina habari ya namna nyingine kidogo. Iko kaskazini-mashariki, karibu na mpaka, na njia ipitayo Kobero huiunganisha na Ngara na nchi yote ya Tanganyika ya zamani. Kwa hiyo Kiswahili cha Muyinga hakikungoja boma peke yake. Kilikwenda na kurudi pamoja na biashara ya chumvi, nguo na ng'ombe. Hata leo magari ya mizigo yatokayo Dar es Salaam hupita hapo.

Zamani za Wabelgiji, watu wa miji waliosema Kiswahili walihesabiwa kuwa mbali na watu wa milima waliokuwa chini ya watemi wao. Huko Usumbura mtaa wa Buyenzi ulikuwa makazi yao yaliyojulikana. Jina "Mswahili" likawa na maana ya mtu asiye na kilima, wala mkubwa wa asili, wala ngoma ya ukoo wake. Watoto waliozaliwa Gitega kwa mama Mrundi, wasioiona bahari maisha yao yote, waliitwa watu wa pwani.

ALA ZILIZOKUJA KWA MIGUU

Hapa ndipo kazi ndogo za mti zinapokuwa shahidi. Mtu akiingia katika Jumba la Makumbusho la Taifa lililoanzishwa Gitega mwaka 1955, huona vyombo vya maisha ya zamani ya Warundi. Na mtu akisikiliza santuri ya muziki wa Burundi iliyorekodiwa mwaka 1967 na kutolewa Ufaransa na Ocora, husikia humo ngoma, inanga, ikembe, indingidi na umuduri. Santuri ile ilikwenda mbali: mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada alitia sauti ya wapigaji ngoma wa Burundi katika wimbo wake mmoja. Dunia nzima ikasema, huu ndio muziki wa Warundi. Na ni kweli. Walakini tuulize, kila ala ilitoka wapi?

Inanga ni ya kale katika nchi hizi za maziwa. Ni ubao mmoja mrefu uliochimbwa kama sinia, na juu yake hutandikwa nyuzi, aghalabu nane, zilizokuwa zikifanywa kwa kano za ng'ombe. Uzi ni mmoja tu, hupitishwa kwenda na kurudi katika meno yaliyochongwa kwenye ncha mbili za ubao. Mwenye kuipiga huwa ananong'ona, haimbi. Kirundi ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti, na mnong'ono hauna kupanda wala kushuka. Basi nyuzi huleta kile ambacho mdomo umekiacha, na sikio la msikilizaji huviunganisha viwili likadhani ya kuwa mtu anaimba. Hayo hufanywa na kipande kimoja cha mti kilichochongwa vema.

Ikembe ni kisanduku kidogo cha mti chenye ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole gumba. Ulimi mrefu hutoa sauti nzito, mfupi hutoa nyembamba, na fundi huzisogeza mbele au nyuma mpaka zipatane. Wenye kuchunguza habari za muziki wamepata ya kuwa ala hii ilianzia upande wa Kongo ya chini, ikapanda mto na kuenea mashariki pamoja na wapagazi na vibarua wa zamani za ukoloni, kwa kuwa yaweza kuchukuliwa mkononi na kupigwa njiani. Ikaingia Burundi ikitoka magharibi.

Indingidi ni zeze la uzi mmoja, lenye mwili wa mti uliowambwa ngozi. Hilo lilibuniwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, likashuka kusini. Likaingia Burundi likitoka kaskazini.

Na dufu, ambalo ni kiunzi cha mviringo cha mti kilichowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja, liliingia kutoka mashariki pamoja na Maulidi na twarika. Bao la pwani nalo, lenye safu nne na mashimo manane kila safu, liliwakuta Warundi wanao mchezo ndugu yake tangu zamani, nao huita kuucheza kubuguza. Mgeni alikaa chini akakuta anajua karibu kila kitu isipokuwa baadhi ya sheria.

Basi ikembe na indingidi ziliingia nchini karibu na wakati ule ule wa kuingia jamaa wa Gitega na Muyinga, nyingine pengine baadaye. Hapana Mrundi aitaye ikembe ala ya kigeni. Huchongwa kwa mti wa hapa, huimbiwa Kirundi, na watoto huidhania ya kuwa ilikuwako tangu babu wa babu. Ikiwa hivyo ndivyo, dufu lililowambwa Muyinga kwa ngozi ya mbuzi wa Muyinga litaitwaje la kigeni? Na yule aliyeliwamba?

KAZI YENYEWE

Asiyejua hudhani ya kuwa kufanya dufu ni jambo la saa moja. Kwanza mti huchaguliwa, usiwe na kifundo wala ufa. Hukatwa, na vipande hukaushwa kivulini, si juani, kwani jua huvivuta upande mmoja vikapinda. Wenye busara huzipaka ncha nta au udongo ili maji yatoke polepole. Kiunzi hukatwa kwa msumeno, huchongwa kwa tezo na patasi, kisha husuguliwa. Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu hapa: karatasi ya kusugulia mbao huitwa msasa kwa sababu msasa ni mti, na majani yake makavu ni makali kama tupa, wazee wa mafundi walisugua kwa majani hayo kabla ya karatasi kufika madukani.

Ngozi hulowekwa, hukwanguliwa manyoya, huvutwa juu ya kiunzi ingali majimaji, hushikizwa, kisha huachwa. Haraka hapa huharibu yote. Ikikauka hukaza yenyewe, na kabla ya kupigwa hupashwa moto kidogo, kwa maana baridi na unyevu wa milima ya Gitega hulegeza sauti yake.

Vitu vingine navyo vina adabu yake. Marfaa ya namna ya zamani huchongwa kwa ubao mmoja uliopasuliwa katikati, nusu mbili zikashikana kwa bawaba ya mti iliyochongwa humo humo, bila msumari wala gundi. Akikosea mchongaji mahali pa bawaba, ubao mzima umepotea. Na katika vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki mtoto alianza kusoma kwa ubao wa mti, akaandikiwa kwa wino wa masizi. Akiisha kuhifadhi, maandishi hukoshwa na ubao hungoja aya nyingine. Mti mmoja ulifundisha ndugu watano, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Wako waliouliza kama inafaa kwa Mwislamu kutumia saa zake katika mambo haya, hasa katika ala za kupiga. Juu ya ala wanazuoni wamekhitilafiana tangu kale. Wengi wameliruhusu dufu katika harusi na siku za furaha, na wengine wamekataza zilizo nyingi katika ala nyingine. Khitilafu hiyo iko Gitega kama ilivyo Unguja, wala si kazi ya kurasa hizi kuikata. Lakini kazi ya kuchonga yenyewe haina aibu katika dini. Hadithi zilizo sahihi zimetaja ya kuwa Nabii Zakaria alikuwa seremala, na ya kuwa Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mkono wake. Mimbari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ilifanywa na seremala kwa mti wa msituni karibu na Madina, nayo ilikuwa ya ngazi tatu tu. Aliyechonga fimbo ya khatibu wa Muyinga yumo katika ukoo huo wa kazi.

MISUKOSUKO NA MITI

Mikono iliyochonga vitu hivi imepita katika siku nzito. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na miaka kumi tu baadaye, mwaka 1972, nchi ililia. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, na yaliyofuata yaliingia Gitega na Muyinga vilevile. Maelfu walivuka mpaka kwenda Ngara, na katika kambi ya Lukole Warundi wakimbizi walikaa miaka mingi. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi mwaka 2000, na vita vikaendelea kwa muda baada yake.

Mtu akimbiaye usiku hachukui kinu. Hachukui bao, wala kigoda, wala dufu. Huchukua watoto. Nyumba ngapi zilichomwa pamoja na vitu vya mti vilivyokuwamo, hapana ajuaye hesabu. Walakini ujuzi haukai darini. Hukaa katika vidole, na mwenye vidole akifika salama, ujuzi umefika. Kwa hiyo hatari kubwa si kuungua kwa kinu. Hatari ni mzee kufa kabla hajamwonyesha kijana jinsi ya kushika tezo.

Iko hatari ya pili, nayo ni miti. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na kila mti unatakiwa kwa kuni, kwa makaa na kwa kujenga. Mringaringa hukua kwa miaka mingi kabla gogo lake halijafaa kwa ngoma, na anayeukata leo hukata mti ambao pengine babu yake aliuacha kwa makusudi. Milima imejazwa mikaratusi na migrevilea, miti iliyoletwa kutoka Australia. Nayo si ya kudharauliwa. Mwaka 2012 Muyinga ilijengwa maktaba iliyo sehemu ya shule ya watoto viziwi, na wajenzi walitumia matofali ya udongo wa pale pale na mbao za mkaratusi. Watu wametoka mbali kuitazama. Jambo hilo lafundisha ya kuwa fundi mwema hatazami kwanza mti umetoka wapi. Hutazama umekauka vema, na una nguvu ya kazi iliyokusudiwa.

Giheta, karibu na Gitega, ingali ikijulikana kwa wachongaji wake, na vitu vyao hununuliwa na wasafiri. Hiyo ni biashara, nayo ni halali na ina faida. Lakini kile kilichochongwa kwa kuuzwa njiani na kile kilichochongwa barazani kwa ajili ya mjukuu si kitu kimoja, hata vikifanana. Cha kwanza huenda na mnunuzi, cha pili hukaa nyumbani kikasimulia habari za aliyekichonga.

YALIYO MBELE

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2019 Gitega ikafanywa makao makuu ya siasa ya nchi. Mji utakua, mabati na plastiki vitazidi, na mwiko wa duka utakuwa rahisi kuliko mwiko wa kuchonga. Hapana awezaye kuyazuia hayo, wala hapana haja. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za jambo hili si kubwa: mzee mmoja katika kila mtaa akubali kukaa na vijana wawili siku ya mapumziko, kila chuo kiwe na dufu moja lililofanywa na wanafunzi wake wenyewe, na kila anayekata mringaringa apande miwili, mmoja wa mwanawe na mmoja wa mtu asiyemjua.

Zaidi ya hayo, yafaa vitu vilivyosalia viandikwe. Marfaa hii ilichongwa na nani, mwaka gani, kwa mti upi? Fimbo hii ya msikitini ilishikwa na makhatibu wangapi? Majina ya wazee wanaoweza kujibu yanapungua kila mwaka, na daftari moja la shule latosha kuanza.

Kwani swali lile la zamani halijibiwi kwa maneno tu. Mgeni hutumia mti uliokwisha chongwa na wengine, na akiondoka huuacha. Mwenyeji huupanda, huungoja, huuchonga, kisha humrithisha mwanawe. Jamaa wa Gitega na Muyinga wamefanya hayo kwa zaidi ya miaka mia, na ushahidi wake umeegemezwa kuta za nyumba zao. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na aibariki mikono ya wanaofuata.